Wageni wa Ibada Ng'ambo ya Mutukula
Jamaa za askari wa Uganda wafuatanao na kwaya kuuzuru usharika wa shamba mkoani Kagera, Tanzania, huvuka mpaka Mutukula wakiwa na hati za safari na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Askari mwenyewe hutangulia kuomba ruhusa ya mkuu wake.

Vijiji vya kutoka hapo hadi Kyaka vilikaliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, na daraja la mto Kagera likavunjwa. Wazee hawajasahau. Wakisimulia, mgeni asikilize, asiharakie kujitetea.

Sukari, chumvi na sabuni wakabidhiwe akina mama kabla ya ibada, kwani wenyeji hawa, wakiachiwa, watamchinjia mgeni hata kuku atagaye.