Asilimia Tunayoigombea

Bwana Mhariri,

Katika ofisi zetu neno kustaafu likitajwa, neno la pili ni mkupuo, na la tatu ni asilimia. Karani mwenye miaka ishirini na mitano kazini atakuambia pasipo kusita kwamba alinyimwa hamsini akapewa arobaini. Ila ukimwuliza pensheni yake ya kila mwezi itakuwa shilingi ngapi, hana jawabu. Hii ni aibu kwa watu ambao kazi yao ni kuandika na kuhesabu. Nami nasema wazi kwamba katika shauri la kikokotoo tumegombea ganda, kiini tumekiacha.

Tuitazame hesabu yenyewe. Kabla ya mwaka 2018, mifuko ya zamani ilipounganishwa ikawa PSSSF, mtumishi wa Serikali aliyekuwa katika PSPF alihesabiwa hivi: miezi ya utumishi wake iligawanywa kwa 540, kisha ikazidishwa kwa mshahara wake wa mwaka. Hiyo ndiyo pensheni kamili. Nusu yake aliiuza, akalipwa mara 15.5 kwa mkupuo. Nusu ya pili akaipokea mwezi kwa mwezi maisha yake yote. Kanuni za 2018 zilizotaka mkupuo uwe asilimia 25 zilisimamishwa na marehemu Rais Magufuli mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Mwaka 2022 zikaja za asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikawapandisha hadi 40 wale waliokuwa wakipata 50 hapo kwanza. Watu wakashangilia. Lakini 540 imekuwa 580, na 15.5 imekuwa 12.5, na juu ya tarakimu hizi mbili sisikii kelele hata kidogo.

Natoa mfano. Mtumishi amefanya kazi miezi 360, na wastani wa mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa 540 pensheni yake kamili ya mwaka ilikuwa 8,000,000. Kwa 580 ni 7,448,276. Basi shilingi 551,724 za kila mwaka zimekwisha kuondoka kabla asilimia yoyote haijatajwa. Sasa mpe mkupuo wa asilimia 33: atachukua 30,724,138, na kila mwezi 415,862. Mpe wa 40: atachukua 37,241,379, na kila mwezi 372,414. Ile nyongeza ya 6,517,241 iliyotufanya tupige makofi hakupewa na mtu. Ameinunua mwenyewe kwa kuacha shilingi 43,448 kila mwezi. Baada ya miezi 150 atakuwa amekwisha kuirudisha yote, na aliyestaafu akiwa na miaka 60, toka miaka 72 na nusu huendelea kupungukiwa hadi kaburini.

Mama auzaye nyanya sokoni, bei ikishuka, hushika mzigo wake akangoja. Sisi bei ya pensheni yetu imeshuka toka 15.5 hadi 12.5, nasi twaomba ruhusa ya kuuza zaidi!

Najua nitajibiwa kwamba fedha iliyo mkononi huzaa. Ni kweli. Ile nyongeza ikiwekwa katika hati fungani za Serikali kwa riba ya asilimia 12, kwa mfano, italeta 65,172 kwa mwezi, nayo yapita 43,448 iliyoachwa. Kadhalika mtu mgonjwa, au mwenye hofu juu ya mjane na watoto wadogo, ana sababu ya haki ya kutaka nyingi mapema. Hao siwagombezi. Swali langu ni kwa wengine wote: ni wangapi ambao mkupuo wao huwakuta hauna mwenyewe? Nyumba imesimama kwenye linta tangu miaka kumi, ikingoja mkupuo. Arusi ya kijana yangoja mkupuo. Mkopeshaji wa kausha damu naye yuko mlangoni, tena huyo hangoji. Fedha iliyokwisha kuliwa haizai.

Na chanzo cha ulaji huo ni hati ya mshahara. Sheria yataka makato yasimwachie mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Mpaka huo uliwekwa uwe kinga; sisi tumeufanya makao. Mtu hukopa hadi theluthi, na mkopo ukipungua kidogo hukopa juu yake, mwaka hata mwaka, na mkewe hajui mshahara wenyewe ni kiasi gani. Mwenye miaka thelathini na mitano leo ana miaka ishirini na mitano ya kujenga chumba kwa chumba kwa mshahara, na hati fungani huanza kununuliwa kwa shilingi 1,000,000, fedha ambayo nyumba yenye shauri moja yaweza kuikusanya. Akifika 60 ana paa lake mwenyewe na hana deni, hatalia sana kwa asilimia.

Tena kila mmoja aende Mfukoni atazame michango yake imeandikwa miezi mingapi, hasa aliyehamishwa toka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa mtumishi yule wa mfano, mwezi mmoja usioandikwa humpunguzia shilingi 20,690 za pensheni kamili kila mwaka. Asingoje hata wiki ya kuagwa ndipo aanze kutafuta karatasi za mwajiri wa zamani. Sisi wa masijala twajua karatasi hizo hukaa wapi, na hupotea vipi.

Kwa hiyo naomba Halmashauri ya chama chetu, itakapopeleka tena maombi yake Serikalini, iache kuandika asilimia katika mstari wa kwanza. Iandike 540. Chini yake iandike 15.5. Asilimia na ije ya tatu, na kila mtumishi apewe ruhusa ya kuichagua mwenyewe.

Mimi mwenzenu,
Karani wa Masijala