Mukeke hasubiri mkutano

Kuna jambo ambalo mgeni hulipita haraka mno: saa. Sisi tunaoketi hapa mtaa wa Asiatique, Bujumbura, tukiwafanyia kazi kwa mtandao waajiri wa Nairobi na Dar es Salaam, tuko nyuma yao kwa saa moja. Mkutano wao wa saa nane, wakiwa wameshakula, unatukuta saa saba, mukeke ndiyo kwanza anatoka jikoni. (Ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka, samaki yuleyule wa Ziwa Tanganyika.) Mukeke wa kuchoma akishapoa, utamu umekwenda. Kwa hiyo mgeni, omba mapema mikutano iwe asubuhi, na mafaili makubwa yatume umeme ukiwepo, maana hukatika. Mchana funika kompyuta, nawa mikono, ule ugali na isombe pamoja na wenyeji. Kula huku unajibu barua pepe ni kumkosea heshima aliyepika. Siku za kazi zikikubana, Jumamosi nenda ukale mtaa wa Buyenzi. Huko Kiswahili chako kitakutosha kabisa.