Kabla hujamlaumu mwenzio

Mwezi huu nina kisa cha kompyuta, ila usifunue ukurasa haraka, maana kiliingia mpaka ndani ya ndoa yangu.

Kompyuta yetu ya nyumbani ilianza vituko. Uko katikati ya kazi, ghafla skrini inakuwa ya bluu, kisha inajizima na kujiwasha yenyewe. Leo mara moja, kesho kimya, keshokutwa mara tano. Siku ilipoondoka na makala ambayo sijaisevu, nikamgeukia baba watoto: “Ni hayo magemu yako!” Naye akasema ni mafaili yangu ya ofisini. Jamani, tulinuniana siku tatu!

Fundi tuliyempelekea hata hakuifungua. Akasema bodi imekufa, tununue nyingine. Pesa iliyokuwepo ndani ilikuwa ya ada ya mtoto, na nilishaanza kuihesabu. Baba watoto akaniambia, “Mke wangu, nipe wikiendi moja tu.”

Kwanza tukahamisha picha na kazi zetu zote kwenye diski ya nje. Halafu tukachukua daftari, tukakubaliana: tunajaribu kitu kimoja kimoja, tukibadilisha viwili kwa mpigo hatutajua kilichosaidia ni kipi.

Tukachomoa waya wa umeme, tukafungua kava, tukapuliza vumbi kwenye feni. Joto huzima kompyuta nyingi. Lakini yetu ilizima tena asubuhi, ndiyo kwanza imewashwa na bado ya baridi. Joto likafutwa kwenye daftari.

Zikafuata ram. Tulikuwa nazo mbili. Tukaweka MemTest86 kwenye flashi, programu ya bure inayopima ram kabla Windows haijawaka, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi, makosa kibao! Hapo hata kosa moja halitakiwi. Tukapima kila ram peke yake, kwenye tundu lilelile: moja safi, nyingine mbovu. Kumbe bodi ilikuwa nzima!

Ndiyo maana ilizima bila mpangilio. Ram ikiwa na sehemu ndogo mbovu, kompyuta huenda vizuri tu mpaka kazi iangukie hapo. Iwe gemu au makala, haichagui. Yaani siku zote tatu tulizonuniana, hakuna aliyekuwa na kosa.

Kama ram zako ni safi, mshukiwa anayefuata ni pawasaplai, hasa kama umeme wa kwenu unapanda na kushuka. Azima nzima ujaribu, ila usiifungue kwa ndani. Huhifadhi umeme hata ikiwa imechomolewa. Na fundi akikwambia bodi imekufa, muulize kwa upole: umepima nini mpaka ukajua?

Tulinunua ram moja, ada ikalipwa, na skrini ya bluu hatujaiona tena. Kuomba radhi ndiko kulikonichukua muda kuliko kupima ram. Baba watoto alicheka tu, akaenda kucheza gemu lake.

Na wewe, kuna mtu umemnunia nyumbani kwa kosa ambalo hujalipima? Anza naye leo. Tukutane mwezi ujao, nawapenda sana!