Watani Wawili, Ndugu Watatu: Florida na Hesabu ya Keki ya Umma

Tarehe 2 Januari 1997, katika uwanja wa Superdome mjini New Orleans, vyuo vikuu viwili vya umma vya jimbo moja la Marekani vilikutana kuwania ubingwa wa taifa wa kandanda ya Kimarekani ya vyuo. Mwezi mmoja kabla, mjini Tallahassee, Florida State walikuwa wamewafunga watani wao wa jadi, Chuo Kikuu cha Florida, kwa pointi 24 kwa 21. Safari hii kisasi kililipwa kwa riba. Florida walishinda 52 kwa 20 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza wa taifa. Mchezo huo uliitwa Sugar Bowl, na utamu wake ulikuwa wa upande mmoja tu.

Msomaji aliyewahi kuishi nyumba moja na mshabiki wa Simba na mwingine wa Yanga hahitaji kuelezwa maana ya mechi ya namna hiyo. Watu wa jimbo moja, wanaolipa kodi kwa serikali moja, hugawanyika kwa furaha katika kambi mbili. Sina ugomvi na furaha hiyo. Swali langu ni la kisiasa: jamii inapozoea kujihesabu kwa pande mbili, ni nani huachwa nje ya hesabu?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1905 bunge la Florida lilipitisha sheria iliyojulikana kama Sheria ya Buckman, iliyopanga upya elimu ya juu ya umma kwa misingi ya rangi na jinsia. Chuo Kikuu cha Florida, ambacho makao yake yakawa Gainesville, kilitengwa kwa ajili ya wanaume Wazungu. Chuo kimoja cha Tallahassee kilipewa wanawake Wazungu. Chuo cha tatu, katika mji huohuo wa Tallahassee, kilikuwa cha Weusi; leo tunakijua kwa jina la Florida A&M, au FAMU. Mwaka 1947 chuo cha wanawake kilifungua milango kwa wanaume na kuitwa Florida State. Kwa hiyo utani huu tunaouita wa jadi ni utani wa ndugu wawili katika familia ya ndugu watatu.

Mechi ya kwanza kati ya hao wawili ilichezwa Novemba 1958. Mwaka huohuo lilifikia tamati shauri la Virgil Hawkins, Mmarekani Mweusi aliyeomba kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1949 akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki mwaka 1956, lakini mahakama ya juu ya jimbo ikaendelea kumzuia. Hatimaye, mwaka 1958, Hawkins alikubali kuliondoa ombi lake mwenyewe, na kwa kubadilishana milango ya masomo ya juu ikafunguliwa kwa wengine. Mwanafunzi wa kwanza Mweusi aliingia kitivo cha sheria msimu uleule ambao timu hizo mbili zilikutana kwa mara ya kwanza. Jimbo linaikumbuka mechi ile kila mwaka. Je, Hawkins hukumbukwa mara ngapi?

Na si Hawkins peke yake. Ili kuwaweka Weusi mbali na Gainesville, jimbo lilikuwa limeanzisha kitivo cha sheria FAMU. Florida State ilipopata kitivo chake mwaka 1966, kile cha FAMU kilifungwa miaka miwili baadaye, kisifunguliwe tena hadi 2002, mjini Orlando. Katika michezo nako, Bob Hayes, aliyeshinda dhahabu ya mita 100 Tokyo mwaka 1964, alicheza kandanda FAMU. Vyuo vikubwa vilipoacha ubaguzi, vijana wenye vipaji kama chake walihamia huko. Haki ilitendeka kwa mchezaji mmoja mmoja, lakini chuo kilichowalea Weusi wakati wa dhiki hakikufidiwa.

Hata hao waliohamia kwenye meza kubwa hawakukaribishwa kula. Katika kikosi cha Florida State cha 1997 alikuwemo Warrick Dunn, kijana ambaye mama yake, askari polisi, aliuawa mwaka 1993 na kumwachia wadogo zake wa kuwalea. Viwanja vilijaa, televisheni zililipa, makocha walitajirika. Kanuni zilimzuia mchezaji kulipwa chochote zaidi ya ufadhili wa masomo. Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Ilichukua hukumu ya majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu mwaka 2021, na makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2025, ndipo vyuo viruhusiwe kuwagawia wachezaji sehemu ya mapato moja kwa moja.

Wapo watakaosema kwamba kandanda huleta michango, huunganisha wahitimu, na huwatoa vijana kwenye umaskini. Ni kweli, na mwenye kubeza hilo hajawahi kuona kijana maskini akisomeshwa kwa miguu yake. Lakini tazameni mwaka 2023. Mwezi Septemba, serikali ya shirikisho ilimwandikia gavana wa Florida kwamba kati ya 1987 na 2020 FAMU ilipunjwa takriban dola bilioni 1.97 ikilinganishwa na Chuo Kikuu cha Florida. Mwezi Desemba, Florida State ilipoachwa nje ya mchujo wa ubingwa ingawa haikuwa imepoteza mchezo hata mmoja, gavana huyohuyo alitangaza kutenga dola milioni moja za bajeti kwa ajili ya kesi ambazo zingeweza kufunguliwa kuhusu uamuzi huo. Hesabu za ile barua zinaweza kujadiliwa. Kisichojadilika ni kwamba dhuluma ya uwanjani ilimfikia mtawala ndani ya siku chache, na ya darasani imesubiri tangu 1905.

Mwanafunzi, mwanaharakati na mtumishi wa umma wana la kujifunza hapa. Shangilieni timu zenu. Ila mchezo ukiisha, fungueni vitabu vya bajeti na mtafute jina la ndugu ambaye hakutajwa uwanjani. Matokeo yake huandikwa humo, na hayana marudio mwezi unaofuata.