Tukiondoka, Tuondoe na Jiwe

Ni nani kati yetu aliyepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto asifungue dirisha? Bondeni umeacha joto na mkonge. Kona chache tu, hewa imeshabadilika. Huku mwamba, huku bonde lenye mto, na juu miteremkoni migomba, mahindi na kabichi. Ukifika Soni, unayasikia maporomoko ya maji.

Ni kilomita 33 hivi, lakini zinakupandisha karibu mita 1,000. Njia hii ni ya tangu enzi za Wajerumani, reli ya Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905 na Lushoto ikiitwa Wilhelmstal. Jina limekwenda na wenyewe. Barabara imebaki kwetu.

Na ni nyembamba. Fuso la kabichi likishuka na kosta ikipanda, mmoja lazima asubiri. Tunapigiana honi kabla ya kona, tunapeana njia, tunapungiana mkono. Hilo tunaliweza vizuri.

Ninalotaka kuwaomba kwanza leo ni dogo: jiwe.

Gari likizima mlimani, tingo hushuka mbio, akatafuta jiwe na kuliweka nyuma ya tairi. Wenzake hukata matawi na kuyatandaza barabarani ili wanaokuja wajue. Ni busara kabisa. Kisha gari likapona, watu wakashangilia, safari ikaendelea. Je, jiwe limebaki wapi? Nani atakutana nalo saa mbili usiku, ukungu umeshuka? Huenda ni kijana wa bodaboda anayemwahisha mama mjamzito hospitalini.

Hakuna aliyemkusudia ubaya. Ni furaha ya kuondoka tu, inasahaulisha. Basi tusaidiane: tingo atoe jiwe, abiria wa mlangoni aokote matawi, dereva asiondoe gari mpaka aambiwe tayari. Itachukua dakika ngapi? Hata mbili hazifiki.

Dereva wetu, nawe unalijua lile la wakongwe: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Breki zikikanyagwa mfululizo mpaka Mombo hupata moto, na zikipata moto hazishiki. Iachie injini ikusaidie kulizuia gari. Na ile nyutro ya kubana mafuta, je, kweli unaihitaji ukiwa na watu nyuma?

Wenye mashamba juu ya barabara, mnajua masika yakichachamaa udongo unakoelekea. Matuta yanayokata mteremko na matete ya kingoni huushika ubaki shambani kwako, kwenye kabichi zako, badala ya kuziba mtaro. Mtaro ukiziba, maji hupita juu ya lami na kuila pembeni. Chupa tunazotupa dirishani nazo huishia kwenye mtaro huohuo. Kwani nyumbani hatuna pa kuzitupa?

Wazazi, watoto wanaouza peasi na matunda damu wanatupendezeshea safari. Tuwasogeze tu kutoka kwenye kona, wakae pale penye nafasi, gari liweze kusimama na mteja anunue kwa utulivu. Nina hakika hata biashara itakwenda vizuri zaidi.

Na wewe unayesafiri kesho, gari likikwama halafu likapona, usikimbilie kiti chako kwanza. Chungulia nyuma ya tairi.