Leseni Si Hisani ya Serikali

Anayedai kwamba dereva anayepinga kunyang'anywa leseni anaipotezea serikali muda amekosea, tena vibaya. Mwaka 1971, katika kesi ya Bell dhidi ya Burson, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa fikra hiyo hiyo. Bell, mchungaji wa Georgia, alihudumia waumini vijijini kwa gari. Mtoto mwenye baiskeli akaligonga ubavuni. Bell alipotaka kuonyesha kuwa hakuwa na kosa ili asinyang'anywe leseni, ofisa alikataa kumsikiliza.

Huko California, anayekamatwa kwa tuhuma za ulevi ana siku 10 tu za kuomba asikilizwe kuhusu leseni yake. Na hadi mahakama ya rufaa ilipokemea mwaka 2022, ofisa mmoja ndiye aliyeshtaki na kuhukumu. Walevi waondolewe barabarani, naam, lakini kwa ushahidi uliopimwa na mtu asiye mshtaki wao.