Kusahihisha Tahajia si Kazi ya Kudharauliwa

Miongoni mwa mafundi wa kompyuta kumezuka dharau dhidi ya watu wanaosahihisha tahajia katika nyaraka za programu huria. Huambiwa kwamba wanaokota makombo, kwamba wameshindwa kuandika programu ndiyo maana wanahangaika na herufi, na kwamba wanachotafuta ni sifa tu. La kusikitisha ni kwamba dharau hiyo sasa imevuka ua na kuingia katika idara zetu za lugha, mahali ambapo ingetarajiwa ipingwe. Nakusudia kuipinga hapa, na ninaozungumza nao hasa ni walimu na wanafunzi wa isimu na Kiswahili.

Programu huria ni zile ambazo msimbo wake u wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili, kuurekebisha na kuugawa. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ndiyo inayojulikana zaidi. Kila programu ya aina hii huambatana na nyaraka zinazoeleza namna ya kuisakinisha na kuitumia. Nyaraka hizo nazo ni huria. Msomaji akiona kosa anaweza kulirekebisha na kupeleka rekebisho lake, ambalo huitwa kiraka, kwa wasimamizi wa programu ili walikubali au walikatae.

Hoja ya wanaodharau ni kwamba kosa la herufi moja halimzuii mtu kuelewa. Kwa mzawa wa lugha hoja hii ina ukweli ndani yake, maana msomaji mzoefu huliona neno kwa umbo lake zima na kulipita. Lakini nyaraka nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na aghalabu wanaozisoma Kisumu, Garissa au Kigoma wamejifunza Kiingereza baada ya lugha nyingine mbili. Mwanafunzi kama huyo akikutana na neno lililokosewa hulitafuta katika kamusi, asilione, kisha akadhani ni istilahi ya kompyuta isiyomfikia.

Isitoshe, nyaraka za kompyuta hazisomwi ukurasa baada ya ukurasa kama riwaya. Mtu huandika neno analolitaka, na mashine humwonyesha lilipo. Ikiwa neno hilo limekosewa mle ndani, mashine hulipita kana kwamba halipo, na maelezo yaliyoandikwa kwa bidii yakawa kama yaliyofukiwa. Wasimamizi wa Linux walilitambua hilo zamani. Kwa miaka mingi mwongozo wao uliorodhesha, miongoni mwa viraka vidogo vinavyokubalika, masahihisho ya tahajia katika nyaraka, pamoja na yale ya makosa yanayoweza kuipotosha grep, yaani amri ya kutafutia maneno. Ndani ya msimbo wa Linux mna hata faili moja ya makosa ya tahajia na usahihi wake, iliyotokana na chombo cha ukaguzi cha Debian kiitwacho Lintian, kisha ikaendelea kuongezewa maneno kadiri makosa mapya yalivyogunduliwa. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi wangu faili hiyo. Ni data safi ya isimu, iliyokusanywa na watu wasiojiita wanaisimu.

Yapo pia makosa yenye hatari ya waziwazi. Mwezi wa Agosti mwaka 1917 au 2017, fundi angesema tarakimu moja si kitu. Basi ni 2017, ambapo katika hazina ya npm iligunduliwa programu iliyoitwa crossenv, ikijifananisha na nyingine halali iitwayo cross-env. Tofauti ni kistari kimoja. Aliyekosea kukiandika alisakinisha programu iliyokuwa ikiiba siri za mashine yake. Hebu fikiria kistari hicho kingekuwa kimesahaulika katika waraka wa maelekezo, ambao maelfu ya watu hunakili amri zake bila kuzitazama mara mbili.

Tukija kwenye Kiswahili, jambo lenyewe huwa zito zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 ikatolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Tangu hapo programu nyingi zimetafsiriwa, nyingine vizuri, nyingine kwa namna ya kuliza. Lugha yetu ina kauli ya kutendua, ile ambayo kwa kuingiza irabu moja hugeuza tendo kuwa kinyume chake: kunja ikawa kunjua, tega ikawa tegua, funga ikawa fungua. Maneno hayo mawili ya mwisho yamo katika takriban kila ukurasa wa maelekezo ya kompyuta. "Funga faili kabla ya kuendelea" na "Fungua faili kabla ya kuendelea" ni amri mbili zinazopingana, na kinachozitenganisha ni herufi u peke yake. Wala si hizo tu. Ondoa irabu moja katika "fuata" upate "futa". Anayeambiwa afute hatua zilizo hapa chini, ilhali alipaswa kuzifuata, ana haki ya kumlaani mtafsiri.

Na hapa ndipo kikagua tahajia kinaposhindwa. Chombo kama codespell huwinda makosa yaliyokwisha kujulikana. Kikagua tahajia cha Kiswahili huuliza tu iwapo neno limo katika orodha yake. "Futa" imo. "Fungua" imo. Mashine hutikisa kichwa kwa kuridhika na kuendelea na safari. Anayeweza kulinasa kosa ni msomaji anayeelewa sentensi nzima na anayejua kinachotokea kitufe kinapobofywa, na msomaji huyo sharti awe ameifahamu sarufi yetu. Je, ni nani huyo ikiwa si mwanafunzi wa Kiswahili?

Hata hivyo, malalamiko ya mafundi hayakutoka hewani. Wasimamizi wengi wa programu huria ni watu wa kujitolea, na kila kiraka, kiwe cha herufi moja au cha kurasa mia, sharti kisomwe na mtu. Katika tamasha la Hacktoberfest la mwaka 2020 kampuni ya DigitalOcean iliahidi fulana kwa waliopeleka maombi manne ya mabadiliko. Hazina za programu zikafurika mabadiliko yasiyo na maana: neno la sifa limeongezwa hapa, nafasi imepachikwa pale. Waandalizi walilazimika kubadili kanuni mwezi huohuo wa Oktoba ili ihesabiwe tu michango katika miradi iliyokubali kushiriki, na mwaka 2023 fulana zikaachwa. Wale hawakuwa wasahihishaji. Walikuwa watu wa fulana, na haifai kazi ya mmoja ihukumiwe kwa uroho wa mwingine.

Usahihishaji wa kweli una elimu yake, na sehemu kubwa ya elimu hiyo ni kujua kisichopaswa kuguswa. Mfano maarufu ni neno "Referer" katika itifaki ya HTTP. Kwa Kiingereza lilipaswa kuwa na r mbili katikati, lakini lilikosewa katika pendekezo la awali, likachapishwa hivyo katika waraka rasmi wa mwaka 1996, na mashine za ulimwengu mzima zikalizoea. Leo anayelisahihisha katika msimbo anavunja mawasiliano. La kuchekesha ni kwamba kanuni iliyokuja baadaye, "Referrer-Policy", imeandikwa kwa tahajia sahihi, kwa hiyo maumbo yote mawili yanaishi nyumba moja. Wenetu waliofunzwa tahajia ya Uingereza wana mtego mwingine: lugha ya CSS inataka "color", na anayeongeza u kwa nia njema ameharibu ukurasa. Vivyo hivyo asiyependa neno "kompyuta" asiligeuze kuwa "tarakilishi" kwa jina la tahajia. Huo ni mjadala wa msamiati, nao una baraza lake.

Katika kikao kimoja cha kukagua miradi ya wanafunzi nilisikia ikisemwa kuwa binti aliyesahihisha tafsiri ya Kiswahili ya programu moja huria hakuwa amefanya utafiti wowote, bali "alirekebisha herufi". Viraka vyake vilikuwa vimekubaliwa, na kila kimoja kilikuwa na maelezo ya kwa nini umbo fulani ni kosa. Aliambiwa atafute mada nyingine. Nilijiuliza waliosema hivyo wanadhani Kiswahili sanifu kilishuka kutoka wapi. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki ilitumia miaka yake mingi kupitia miswada ya vitabu vya shule, ikisahihisha maendelezo ya maneno kabla ya kuidhinisha kitabu kichapwe. Tahajia tunayojivunia leo ni zao la kazi hiyohiyo ya herufi. Naye Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta anayeheshimiwa pande zote za dunia na aliyetupa programu huria ya TeX, hadi mwaka 2008 alikuwa akiwalipa kwa hundi waliogundua kosa lolote katika vitabu vyake, hata la uchapaji, dola 2.56, na wengi walioipata hundi yake waliitia fremu badala ya kuipeleka benki.

Ninachopendekeza ni kwamba idara za Kiswahili zikubali usahihishaji wa nyaraka za programu huria kuwa zoezi la kutahiniwa katika mwaka wa tatu, alama zitolewe kwa viraka vilivyokubaliwa pamoja na maelezo ya kiisimu yanayoviambata, na idadi ya viraka isihesabiwe kabisa. Anayetaka kuanza na aanze na nyaraka zilizokwisha kutafsiriwa. Atafute kila palipoandikwa funga, fungua, fuata na futa, asome aya nzima, kisha aijaribu amri yenyewe kwenye mashine kabla ya kupeleka kiraka.